Piga Picha Nyumba Yako Kabla ya Masika

Wazanzibari wenzangu, mnaokaa Mji Mkongwe na Ng'ambo, na nyinyi mlioko mbali ambao nyumba mlizozaliwa zimo katika vichochoro vyetu:

Nina ombi moja, na nalisema mapema. Naomba kila nyumba ya zamani katika mji wetu ipigwe picha na watu wanaoishi ndani yake. Ipigwe nje na ndani, kuanzia kizingiti cha mlango hadi boriti za chumba cha mwisho. Kisha picha hizo ziandikwe maelezo na ziwekwe pahala ambapo wajukuu wataweza kuzipata. Kazi hii haingoji mfadhili wala mradi. Simu tunazo mikononi.

Najua wapo watakaosema kwamba mji huu umeshapigwa picha za kutosha. Pita Shangani asubuhi au Hurumzi alasiri, utawakuta wageni wamejipanga mbele ya milango ya nakshi, kila mmoja akisubiri zamu yake. Wanafanya vizuri, na picha zao zimeutangaza mji wetu duniani kote. Lakini karibu picha zote hizo zinaishia mlangoni. Mgeni hupiga kile anachokiona akipita njiani. Hapandi ngazi zetu, haoni uwa wetu wa ndani, hajui kisima kiko wapi, wala hajawahi kulala chali akahesabu boriti za dari mpaka usingizi ukamchukua. Picha ambazo mji huu unazikosa ni zile ambazo wenyeji peke yao wanaweza kuzipiga.

Tunayo sababu ya kuharakisha, na sote tuliiona. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu kubwa ya mbele ya Beit al-Ajaib, pamoja na mnara wake wa saa, ilianguka wakati matengenezo yakiendelea. Watu wawili walifariki, Mungu awarehemu. Jengo hilo Sultani Barghash alilijenga mwaka 1883, likawa na taa za umeme na lifti, na nguzo zake za chuma zilikuwa fahari ya Forodhani kwa zaidi ya miaka 130. Likaanguka mchana, mbele ya macho ya watu.

Hata hivyo, kwa Beit al-Ajaib picha hazijawa tatizo. Limepigwa tangu karne ya 19: kutoka baharini, kutoka barabarani, kutoka bustanini, watu wakiwa wamesimama mbele yake kwa sherehe za kila namna. Anayetaka kulirejesha ana pa kutazama. Sasa fikiria nyumba ya ghorofa mbili iliyo Mkunazini, Kiponda au Sokomuhogo, iliyoangushwa na mvua ya usiku mmoja. Mji Mkongwe una majengo yapatayo 1,700, na mengi kati yake ni nyumba za kawaida za watu wa kawaida. Nyumba kama hiyo ikianguka, asubuhi yake tunakuta lundo la mawe na udongo, na majirani wawili wanabishana roshani ilikuwa upande gani. Hapo ndipo ninapotaka tuingilie kati.

Picha ina uwezo wa kusahihisha hata mambo ambayo mji mzima umeshayasahau. Wengi wetu tulikua tukiamini kwamba mnara wa saa ulikuwa sehemu ya Beit al-Ajaib tangu siku ya kwanza. Picha zilizopigwa kabla ya mwaka 1896 zinatuonyesha mambo mengine kabisa: mnara umesimama peke yake mbele ya jumba, karibu na ufukwe, na ubavuni liko jumba jingine, Beit al-Hukm. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Kiingereza ziliyapiga majengo yale kwa mizinga, na vita vyenyewe havikufika hata saa moja. Beit al-Hukm halikurudi tena. Mnara mpya ukaja kujengwa ukiwa umeshikana na uso wa Beit al-Ajaib. Tunayajua haya kwa uhakika kwa sababu kulikuwa na watu katika mji huu waliokuwa na kamera na wakazitumia.

Watu hao walikuwa wakazi wa hapa. A. C. Gomes, Mgoa, alifungua studio Unguja katika karne ya 19, na picha zake na za wapigapicha wenzake zikasambaa duniani kama postikadi. Baadaye, mwaka 1930, Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio, na baada yake mwanawe Rohit akaendelea na kazi. Kupitia studio hiyo tumehifadhiwa sura za mitaa, maduka, harusi na sherehe za miongo mingi. Walikuwa wapigapicha wachache, na filamu ilikuwa ghali, hivyo walichagua cha kupiga. Sisi leo hatuna udhuru wa filamu. Mtoto wa darasa la saba anaweza kupiga katika alasiri moja picha nyingi kuliko walizoweza wao kwa mwezi.

Basi tupige nini? Tuanze na namna nyumba zetu zilivyojengwa, maana anayeijua nyumba yake hujua pa kuelekeza kamera.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na unene wake mara nyingi hupita nusu mita. Juu ya kuta hulazwa boriti za mikoko, na juu ya boriti hupangwa mawe na kushindiliwa chokaa hadi sakafu ikae. Boriti ya mkoko haiendi mbali, ndiyo maana vyumba vyetu ni virefu na vyembamba: upana wa chumba umefuata urefu wa boriti. Ukipiga picha dari ya chumba kimoja, hesabu boriti zake, pima upana kutoka ukuta hadi ukuta, andika. Fundi atakayekuja kuijenga upya nyumba hiyo atakushukuru kwa mstari huo mmoja kuliko kwa picha kumi za machweo.

Kisha tazama pale ncha ya boriti inapoingia ukutani. Hapo ndipo nyumba zetu zinapoanza kufa. Maji ya masika hupenya paani, hushuka polepole na kukaa kwenye ncha ile. Ncha inaoza, sakafu inalegea, na ukuta unakosa kinachoushikilia. Na pale tulipopaka saruji juu ya chokaa kwa nia njema, tumeuzibia ukuta njia ya kupumua, unyevu ukabaki ndani. Piga picha ncha hizo. Piga picha kila ufa, ukiwa umeweka rula ya skuli kando yake, na uandike tarehe. Mwaka ujao, kabla ya masika, rudi pahala palepale, upige tena kwa umbali uleule. Picha mbili zikikaa pamoja zitakuambia kama nyumba imetulia au inaondoka, na utakuwa na kitu cha kumwonyesha mhandisi badala ya kumwambia tu kwamba una wasiwasi. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa hauzibwi kabla ya kuonekana, na wengi wetu tumeishi na nyufa zetu miaka mingi hata macho hayazioni tena. Kamera inayaamsha macho.

Ndiyo maana nimesema kabla ya masika. Januari na Februari kuna jua, mapaa ni makavu, na bado kuna nafasi ya kutengeneza palipoharibika kabla ya mvua za Machi. Kila familia ikijiwekea ada ya kupiga picha nyumba katika miezi hiyo, tutakuwa na kumbukumbu ya mji mzima inayokua mwaka hadi mwaka.

Sasa tuje kwenye mlango, kwa sababu hata mlango hatujaumaliza. Chukua mlango mmoja wa nakshi. Piga kwanza mlango mzima pamoja na miimo yake na ngazi zilizo mbele, ili ukubwa wake ujulikane. Sogea, upige kizingiti cha juu peke yake, kwa sababu hapo ndipo penye maandishi na pengine mwaka. Mwaka huo mara nyingi ni wa Hijria. Uandike kama ulivyo. Aliyekuta 1300, kwa mfano, ajue kwamba mwaka huo ulianza Novemba 1882. Piga mfaa, ule mti wa katikati, kutoka juu hadi chini. Piga njumu, na uhesabu zilizong'oka. Angalia kama juu ya mlango pamenyooka kwa mtindo wa Kiarabu au pana tao kwa mtindo wa Kihindi. Piga sehemu ya chini ambako mbao zimeliwa na maji, maana huko ndiko fundi atakakoanza kubadilisha. Halafu ingia ndani, uufunge, na upige nyuma yake: komeo, viungo vya mbao, misumari iliyopindwa na fundi ambaye jina lake hatulijui. Nyuma ya mlango hakuna mgeni anayepapiga, na huko ndiko ufundi wenyewe ulikoandikwa.

Nakshi inataka mwanga wa ubavu. Katika vichochoro vyetu jua huingia kwa muda mfupi, basi jua saa ambayo mlango wako unapata mwanga na uingoje. Ukitumia taa ya simu moja kwa moja, vivuli vinafutika na nakshi inaonekana bapa. Mpe mtoto tochi asimame pembeni aimulike kwa ubavu. Utaona maua, minyororo na magamba ya samaki yakijitokeza mbele yako.

Picha hizo ni ulinzi pia. Mlango uliopigwa picha kila upande, ukapimwa na kuandikwa mtaa na nyumba, hauwezi kuondoka kimyakimya usiku ukaenda kuuzwa mbali bila mtu kuweza kuthibitisha ulikotoka.

Tukimaliza milango, tusisahau vile vinavyoonekana havina maana. Nilipokuwa nikipiga picha jiko la zamani katika nyumba ya jirani, bibi wa nyumba aliniuliza, "Mjukuu wangu, huko kumejaa masizi, unataka nini huko?" Nikamjibu, "Bibi, nataka hizo boriti, na nataka uniambie zamani mlipika vipi humu." Akakaa kwenye ngazi, akanionyesha mafiga yalipokuwa, dirisha lililozibwa, na tundu la ukutani ambamo mamake alikuwa akiweka taa ya mafuta. Hakuna kitabu kitakachokueleza habari za tundu lile. Kila picha ya ndani inataka sauti ya mzee pembeni yake. Bonyeza kitufe cha kurekodi, umwache aseme.

Ombi langu la pili nalielekeza kwa ndugu zetu walioko Muscat, Dubai, London na kwingineko. Wengi mliondoka, au wazee wenu waliondoka, baada ya mwaka 1964. Mlichukua kidogo, lakini wengi mlichukua albamu. Zifungueni. Tunazijua picha zile: harusi, khitma, watoto wamevalishwa nguo mpya za sikukuu. Safari hii msimtazame bibi harusi peke yake, tazameni ukuta ulio nyuma yake. Humo mna zidaka zilizokwisha kubomolewa, vioo vya rangi juu ya madirisha, roshani ambayo leo ni shimo. Ipige upya picha hiyo kwa simu, mchana, karibu na dirisha, bila mwangaza kuakisi juu yake, kisha uwatumie jamaa walioko Unguja. Andika nyumba ilikuwa mtaa gani na ubavuni mwa nani. Kuna nyumba hapa mjini ambazo picha yake pekee ya ndani iko katika kabati la mtu aliyeko ng'ambo ya bahari.

Na ninaposema mji, nasema wote. Mji Mkongwe uliandikwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na ni haki yake. Lakini Ng'ambo nako kuna nyumba zake: za udongo na boriti, zenye ukumbi katikati, vyumba huku na huku, na baraza ya mbele ambapo mitaa mizima ilikuwa ikikutana. Mitaa mingi ya namna hiyo ilibomolewa kupisha maghorofa ya Michenzani yaliyojengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki, na watu waliopata kuipiga picha kabla ya hapo ni wachache. Tusirudie hayo. Na hayo maghorofa yenyewe, marefu kama yalivyo, sasa ni historia. Kuna watu wazima waliozaliwa humo na kulea watoto humo. Ngazi zake, roshani zilizogeuzwa majiko, maandishi ya ukutani, maduka ya chini: vyote vipigwe. Historia ya mji inajumuisha pia nyumba tunazoziona mpya.

Sasa adabu, maana kazi hii ikifanywa bila adabu itazua uadui. Hodi kwanza. Nyumba ya mtu haipigwi ndani bila idhini ya wenyewe, na idhini ya kijana wa nyumba haitoshi ikiwa wazee wapo. Ulizia wakati ambao akina mama hawana shughuli, na usimpige mtu aliyemo ndani bila yeye kukubali. Msikitini ingia kwa ruhusa ya imamu, nje ya nyakati za sala. Majengo ya ulinzi na ya serikali yenye makatazo yaache. Nyumba iliyoinama au iliyokwisha kubomoka upande mmoja ipige ukiwa nje, mbali na ukuta. Hakuna picha iliyo na thamani ya roho ya mtu. Na si kila picha ni ya kutangazwa. Familia inaweza kuzihifadhi picha za ndani zikawa zake peke yake, na faida yote niliyoitaja ikapatikana.

Ziandikwe na zihifadhiwe vipi? Kila picha iwe na mambo matano: mtaa, jina ambalo nyumba inajulikana kwalo, sehemu ya nyumba, tarehe, na jina la mpigaji. Picha isiyo na maelezo, baada ya miaka thelathini inakuwa picha ya ukuta tu. Usitegemee kuzitunza kwa kuzituma WhatsApp kama picha za kawaida, kwani programu hiyo huzibana na kuzipunguza. Zitume kama dokumenti. Weka nakala mbili katika vifaa viwili tofauti, kimoja kikae nje ya nyumba hiyo. Chache zilizo bora zichapishe kwenye karatasi uzitie katika bahasha pamoja na hati za nyumba.

Wapangaji wasiseme, "Nyumba si yetu." Majengo mengi mjini ni ya wakfu au ya serikali, na anayeyajua kwa karibu ni yule anayelala humo. Mpangaji anayejua maji yanapenya wapi ana habari ambayo hata ofisi haina.

Nawaomba masheha walipokee jambo hili katika shehia zao, hata kwa kuwakutanisha vijana wawili wenye simu nzuri na wazee watatu wenye kumbukumbu nzuri. Nawaomba walimu wa skuli za mjini wawape wanafunzi kazi ya likizo: nyumba moja, picha ishirini, maelezo ya babu au bibi. Naiomba Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, iliyopo tangu mwaka 1985, pamoja na Nyaraka za Taifa kule Kilimani, zifungue mlango wa kupokea nakala kutoka kwa raia watakaopenda kuzitoa. Na nawaomba mafundi waashi na maseremala waseme wanataka kuona nini, ili sisi tunaopiga tusipige kwa kubahatisha. Mafundi hao tunao. Ile zahanati ya kale ya pale Malindi, ambayo Tharia Topan aliianzisha mwaka 1887 na ikamalizika 1894 baada ya kifo chake, ilichakaa hadi watu wakaikatia tamaa, na katika miaka ya 1990 ikafufuliwa na roshani zake zikasimama tena. Kwa hiyo mji huu unajua kurejesha, na picha nzuri humwambia fundi arejeshe nini.

Hatutaweza kuziokoa nyumba zote. Nyingine zimeshachoka, na wenyewe hawana uwezo. Lakini nyumba isiyo na picha ikianguka, inakwenda na kila kitu, na kiwanja chake kinabaki wazi kwa yeyote mwenye fedha kusema kwamba hapakuwa na kitu pale. Nyumba iliyopigwa picha, ikapimwa na kusimuliwa, hata ikianguka bado inaweza kudai kujengwa ilivyokuwa, na watoto waliozaliwa humo wanabaki na ushahidi.

Basi Ijumaa hii baada ya chakula cha mchana, familia ikiwa imekusanyika, toa simu. Anza na mlango wako, mbele na nyuma. Panda ngazi. Mwite mzee wa nyumba aje na wewe chumba hadi chumba, na kijana mwenye mwandiko mzuri aandike. Ukimaliza, bisha hodi kwa jirani, umsaidie na yeye. Mtaa mmoja ukikamilika, mtaa wa pili utaona haya kubaki nyuma, na hadi masika yafike tutakuwa tumepiga hatua ambayo mji wetu haujawahi kuipiga.